Dakika za Mwalimu: Bei ya Chekechea Karatu na Ngorongoro

Kila Novemba na Desemba, wazazi wa Karatu wenye watoto wa miaka mitatu hadi mitano huulizana: umepata nafasi wapi, na kwa shilingi ngapi? Mfanyakazi wa loji anataja ada inayokaribia kodi yake ya nyumba ya mwaka mzima. Jirani yake, ambaye mwanawe yuko darasa la awali la shule ya msingi ya serikali, anataja sare, madaftari na mahindi ya uji. Wa tatu anamwacha wake kwa mama mmoja mtaani anayelea watoto sebuleni, na analipa kwa wiki. Wa nne ametoka Nainokanoka, juu kwenye Hifadhi ya Ngorongoro. Huyo hajafika kwenye ada, anahesabu kilomita.

Wote wanne watakuambia mtoto "yuko chekechea" au "anasoma vidudu". Kuzipanga bei zao mstari mmoja na kuchagua iliyo ndogo ni sawa na kulinganisha nauli za Arusha na Dar es Salaam bila kuuliza abiria anashukia wapi. Kabla ya bei kuna maswali mawili: kile unacholipia ni nini kisheria, na ndani yake mtoto anapata kiasi gani cha mwalimu. La pili ndilo wazazi wengi hawalipimi, na ndilo linalogeuza hesabu.

Unanunua nini

Tanzania Bara ina milango miwili kwa watoto wa umri huu. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, kile watu wanachokiita dei kea, kiko chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake. Husajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii, na wa kumuulizia ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Shule ya awali au darasa la awali liko chini ya Sheria ya Elimu. Husajiliwa na Kamishna wa Elimu, hufuata mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na mkaguzi wake ni mthibiti ubora wa shule. Cha kwanza kimeruhusiwa kulea. Cha pili kimeruhusiwa kufundisha mtaala wa taifa. Vipo vyenye vibali vyote viwili. Vipo pia vilivyochora Mickey Mouse ukutani na havina hata kimoja.

Cheti cha usajili hakina siri. Mzazi akiomba kukiona na mwenye kituo akaanza kueleza kwamba "maombi yako Dodoma", ada isilipwe siku hiyo.

Jambo la pili la kisheria linagusa mfuko moja kwa moja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndiyo iliyotaka kila shule ya msingi iwe na darasa la awali, miaka miwili, kwa watoto wa miaka mitano na sita. Sera ya mwaka 2014 ikapunguza muda huo kuwa mwaka mmoja na kuufanya wa lazima, kwa mtoto wa kati ya miaka mitatu na mitano. Toleo la 2023 la sera hiyo, pamoja na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, limebaki na mwaka mmoja wa awali kabla ya darasa la kwanza. Kwa hiyo ngazi tatu ambazo shule nyingi binafsi huzipanga, beibi, midoo na prii-yuniti, ni mpangilio wa shule yenyewe. Serikali inadai mwaka mmoja. Miaka mingine miwili unanunua kwa hiari yako, na inaweza kuwa na faida, lakini lipa ukijua hivyo. Nimesikia wazazi wakiambiwa kwamba mtoto asiyepita beibi "hatapokelewa" prii-yuniti. Hiyo ni kanuni ya biashara.

Kimataifa kipimo ni kilegevu kuliko watu wanavyodhani. Mfumo wa UNESCO wa kuainisha ngazi za elimu, uliopitishwa mwaka 2011, unaihesabu programu kuwa ya elimu ya awali ikiwa imepangwa kwa nia ya kufundisha, inafanyika nje ya familia, inapokea watoto kuanzia miaka mitatu, na inafikia angalau saa mbili kwa siku kwa siku 100 kwa mwaka. Yaani saa 200. Wenye chini ya miaka mitatu wamewekwa kundi lao, la maendeleo ya awali ya mtoto. Majengo hayatajwi, wala bembea, wala lugha ya kufundishia. Kituo cha chini ya mgunga kule Kakesio kinachofunguliwa saa tatu kwa siku, siku 110 kwa mwaka, kinafika saa 330 na kinahesabika. Jengo la vigae lenye televisheni inayowaka tangu asubuhi hadi mchana lina kazi kubwa zaidi ya kuthibitisha nia yake ya kufundisha.

Takwimu za wilaya na zinavyodanganya

Mwaka 2016, mara baada ya ada na michango ya lazima kufutwa kwenye elimu ya msingi, madarasa ya awali nchini yalifurika. Uandikishaji uliruka kutoka takriban watoto milioni 1 mwaka 2015 hadi karibu milioni 1.5. Ilitangazwa kama ushindi, na kwa upande mmoja ulikuwa ushindi. Lakini walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Mzazi akisikia kwamba uandikishaji wa awali katika kata yake umefika asilimia 120, asishangae wala asifurahi haraka. Chukua kata ya kubuni yenye watoto 100 wa umri wa miaka mitano. Darasani wameandikishwa 120, lakini waliotimiza umri huo hasa ni 60. Waliobaki ni wa miaka mitatu waliofuatana na dada zao, na wa miaka saba na minane waliochelewa. Uandikishaji wa jumla ni asilimia 120. Uandikishaji halisi ni 60, na watoto 40 wenye umri wenyewe wako nyumbani au malishoni. Namba zote mbili ni za kweli, na ofisi huchagua ya kusoma kwenye kikao. Vijijini mwa Karatu, ambako wasichana huenda shule wakiwa wamebeba au kuongozana na wadogo zao, tofauti hii ina maana ya moja kwa moja: mwalimu mmoja anafundisha umri wa miaka mitatu na wa miaka minane kwa pamoja, na wa miaka mitatu ndiye anayelala kwenye mkeka.

Mwongozo wa serikali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Shule za umma ziko mbali na hapo, na wastani wa kitaifa wa watoto kwa mwalimu mwenye sifa umepita 100 katika miaka iliyofuata 2016. Wenye kumbukumbu watasema pengo hilo lilijulikana mapema. Lyabwene Mtahabwa alilichunguza kwenye utafiti wake wa shahada ya uzamivu Hong Kong, kisha mwaka 2010 yeye na Nirmala Rao wakachapisha ulinganisho wa madarasa ya awali ya mjini na vijijini Tanzania, wakionyesha jinsi sera na darasa lenyewe vilivyoachana. Baadaye Mtahabwa akawa Kamishna wa Elimu. Ni nadra mtu kupewa kusimamia kile alichokikosoa kwenye tasnifu yake.

Hesabu

Namba zifuatazo ni za mfano tu, za kuonyesha njia. Weka zako.

Tuseme shule binafsi ya mjini Karatu inatoza ada ya 600,000 kwa mwaka, gari 300,000, chakula 200,000, sare mbili na sweta 80,000, na orodha ya vifaa (rimu, penseli za rangi, tishu, sabuni) 70,000. Jumla 1,250,000. Wazazi wengi huitaja ile 600,000 tu, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwenye kipeperushi. Masomo ni saa nne kwa siku kwa siku 194, yaani saa 776. Darasa lina watoto 25 na mwalimu mmoja. Saa moja ya mwalimu ikigawanywa kwa watoto 25, kila mmoja anapata dakika 2.4. Kwa mwaka ni kama saa 31 za mwalimu kwa mtoto mmoja, na kila saa imegharimu kama shilingi 40,000.

Sasa darasa la awali la serikali. Ada hakuna. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 ulimwachia mzazi sare, madaftari, kalamu na chakula, na ukakataza mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Tuseme mambo hayo yote yanafika 100,000 kwa mwaka. Ratiba ni saa tatu kwa siku, saa 582 kwa mwaka. Watoto ni 100 na mwalimu ni mmoja, na mwalimu huyohuyo amepewa na vipindi vya darasa la pili, kwa hiyo nusu ya muda watoto wako peke yao. Zinabaki saa 291. Kila saa inampa mtoto sekunde 36. Kwa mwaka hazifiki hata saa tatu, na kila saa imegharimu zaidi ya 34,000.

Tazama hapo. Tofauti ya malipo ni zaidi ya mara kumi na mbili, lakini bei ya saa ya mwalimu inakaribiana. Darasa la bure linaonekana rahisi kwa sababu linauza kidogo sana.

Geuza sehemu moja. Shule hiyo binafsi iongeze watoto hadi 45 katika chumba kilekile bila kuongeza mwalimu, jambo linalotokea kila Januari shule ikipata jina. Mtoto wako sasa anapata saa 17 kwa mwaka, na kila saa imepanda hadi zaidi ya 72,000. Kati ya mifano yote hii, hiyo ndiyo bei mbaya kuliko zote, na kwenye kipeperushi haijabadilika hata shilingi.

Geuza sehemu nyingine. Wazazi 100 wa darasa la serikali wakubaliane kumlipa mwalimu msaidizi wa kujitolea 150,000 kwa mwezi kwa miezi kumi. Kila mzazi anachanga 15,000 kwa mwaka. Watoto wanagawanywa hamsini hamsini mwalimu anapokuwepo, na hawaachwi peke yao tena anapokuwa darasa la pili. Kila mtoto sasa anapata karibu saa tisa, na kila saa inagharimu kama 13,000. Sioni mahali pengine wilayani Karatu ambapo shilingi 15,000 inanunua elimu zaidi ya hapo.

Mchango huo lazima uwe wa hiari, upite kwenye mkutano wa wazazi na kamati ya shule, na upate kibali cha mamlaka, na asiyekuwa nao mtoto wake asiguswe. Mikutano ya namna hii huwa migumu. Mwenye mtoto darasa la saba atauliza kwa nini fedha ziende kwa "wanaocheza". Mwenyekiti aende na hesabu mkononi.

Dakika zenyewe zina nini ndani

Hesabu ya dakika ina udhaifu wake, na watafiti waliujua zamani. Mwalimu anaweza kuwa na watoto 20 na akawaimbisha irabu kwa sauti moja asubuhi nzima. Ndiyo maana wapimaji wa elimu ya awali hutenganisha vitu vinavyohesabika (idadi, vyeti, vyoo, vitabu) na yale yanayotokea kati ya mwalimu na mtoto. Mwaka 1980 Thelma Harms na Richard Clifford wa Marekani walitoa mizani ya kutazama mazingira ya darasa la watoto wadogo, yenye alama 1 hadi 7. Mtazamaji hukaa darasani saa kadhaa na kuandika anachokiona. Kuanzia mwaka 2014, UNESCO, UNICEF, Benki ya Dunia na taasisi ya Brookings walitengeneza zana ziitwazo MELQO zenye pande mbili, moja ya kumpima mtoto na nyingine ya kulipima darasa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuzitumia.

Kwa mwenye mfuko mdogo, ushahidi ninaoupenda zaidi umetoka pwani. Programu ya Madrasa ya taasisi za Aga Khan ilianza Mombasa miaka ya 1980, ikifanya kazi na mwalimu Bi Swafiya Said, ikaenea Zanzibar na Uganda miaka ya 1990. Ilikuwa chekechea za jamii, walimu wake ni wanawake wa mitaa hiyohiyo waliopewa mafunzo na kutembelewa mara kwa mara, na vifaa vilikuwa vifuu, makombe, vizibo na mbegu. Peter Mwaura na wenzake walipolinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliopita chekechea yoyote waliwazidi waliobaki nyumbani, na wale wa Madrasa wakapiga hatua kubwa zaidi. Kilichowapa nguvu walimu wale ni mafunzo na mtu wa kurudi kuwatazama. Vifaa vya plastiki kutoka dukani havikuwepo.

Mzazi wa Karatu hahitaji fomu za watafiti. Aombe kukaa darasani asubuhi moja, saa tatu hadi saa nne na nusu hivi, siku isiyo ya wageni. Ahesabu watoto na watu wazima kwa macho yake, kwa maana idadi ya daftari la mahudhurio ni kitu kingine. Asikilize kama kuna mtoto aliyeulizwa swali lisilojibiwa kwa pamoja. Atazame vitu vya kuchezea viko mikononi au juu ya kabati. Aende chooni, aone kama mtoto wa miaka minne anaweza kukitumia bila kuogopa kutumbukia, na kama kuna maji ya kunawa. Na aulize mwalimu amekaa hapo muda gani. Shule inayobadilisha mwalimu wa watoto wadogo kila muhula huwa haimlipi, na ada yako inakwenda kwingine.

Neno moja kuhusu bango la "Montessori". Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, na njia yake ni nzuri ikifuatwa na mwalimu aliyeisomea. Lakini jina halimilikiwi na mtu. Yeyote mwenye brashi na rangi anaweza kuliandika ukutani. Uliza mwalimu alisomea wapi.

Kiingereza, Kiiraqw, Kimaa

Kinachouzwa ghali kuliko vyote mjini Karatu ni Kiingereza. Inaeleweka. Mji unaishi kwa watalii wanaopita kwenda Kreta ya Ngorongoro, na mzazi anayebeba masanduku loji anaona kila siku nani anapanda cheo. Ila mtoto wa miaka minne anayezungumza Kiiraqw nyumbani, Kiswahili uani, na Kiingereza darasani kwa mwalimu ambaye naye anakitafuta, anaweza kukaa mwaka mzima akiitikia bila kuelewa. Wenye shule za inglishi midiamu watajibu kwamba watoto hushika lugha upesi. Hushika, kama kuna mtu anazungumza nao kwa lugha hiyo. Tunarudi kwenye zile dakika. Kwa mtaala mpya Kiingereza ni somo tangu darasa la kwanza hata shule za serikali, kwa hiyo anayesubiri mwaka mmoja hapotezi treni.

Lugha inaharibu hata vipimo. Mtoto wa Kimaasai wa Olbalbal, wa Kisonjo wa tarafa ya Sale, au wa Kihadzabe kutoka bonde la Eyasi akipimwa kwa Kiswahili mwezi wa kwanza shuleni, kinachopimwa ni Kiswahili chake. Anaweza kuwatambua ndama arobaini kwa rangi na mama zao, akashindwa kutaja jina la duara. Mzazi akiletewa ripoti kwamba mtoto "hajui kuhesabu", aulize alihesabishwa kwa lugha gani. Mwalimu msaidizi anayejua lugha ya nyumbani, hata kama elimu yake ni ya kidato cha nne, kwa watoto hawa ana thamani kubwa kuliko chumba kipya.

Ngorongoro: bei ni umbali

Ukivuka lango la Lodoare, ulinganisho wa ada unakufa. Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, ina eneo la kilomita za mraba 8,292, na boma zimetawanyika kufuata malisho na maji. Shule ya msingi ikiwa kilomita nne kutoka boma, mtoto wa darasa la tano anaikimbilia. Wa miaka mitano, miguu yake haiwezi, na njia hiyohiyo ina nyati na tembo, na asubuhi za kule juu zina ukungu ambao huoni hatua kumi. Wazazi wengi humngoja mtoto afike miaka saba au minane ndipo aanze, na si kwa kupuuza elimu. Anaingia awali na umri mkubwa, anaipandisha takwimu ya jumla, anaiharibu ile halisi.

Ujenzi ndani ya hifadhi unahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na Juni 2022 serikali ilianza kuhamishia familia Msomera, wilayani Handeni. Kwa mzazi wa Enduleni maana yake ni kwamba kuchangia darasa la matofali ni uamuzi wenye mashaka ambayo mzazi wa Karatu hana. Kinachobaki ni darasa shikizi: tawi la shule ya msingi karibu na boma, chumba kimoja au kivuli, na mwalimu mmoja au msaidizi. Gharama kubwa ya kitu hiki ni mtu. Familia zikihama na ng'ombe wakati wa kiangazi, mwalimu kijana anayejua Kimaa anaweza kuhama nao, jengo haliwezi. Kizingiti cha UNESCO cha siku 100 kinafikika kwa miezi ambayo boma zimetulia, mvua zisipokata njia. Kwa fedha, naona huu ndio ununuzi bora kwa tarafa ya Ngorongoro, na faida yake ya ziada ni kwamba mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa na umri wake.

Njia nyingine, iliyotumiwa zaidi na wenye ng'ombe wengi, ilikuwa kumpeleka mtoto bweni Karatu au Arusha. Hiyo imebanwa. Waraka wa Elimu wa mwaka 2023 ulizuia huduma ya bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu cha Kamishna. Kwa maoni yangu ulichelewa. Mtoto wa miaka minne anayelala kitanda cha ghorofa na wenzake thelathini, chini ya matroni mmoja, hajanunuliwa elimu ya awali, hata ada iwe milioni tatu. Wanaomweka kwa shangazi mjini wana hesabu ngumu zaidi: chakula cha shangazi hakina risiti, na msichana mdogo katika nyumba ya watu huweza kugeuzwa yaya kabla hajajua kusoma. Shangazi akikubali, makubaliano ya matumizi ya kila mwezi yafanywe mbele ya watu wawili, na mzazi aje bila taarifa.

Wilayani Ngorongoro humohumo, Wasso na Loliondo ni habari nyingine. Ni miji midogo yenye watumishi wa serikali, na hesabu zake zinafanana na za Karatu.

Nani achague nini

Kwa mfanyakazi wa loji mwenye zamu, tatizo ni saa za mchana: shule ya awali humaliza saa sita, yeye hurudi saa moja usiku. Huyu ananunua vitu viwili, malezi na elimu, na asidanganywe kwamba kimoja kinatosha vyote. Mara nyingi darasa la awali la serikali asubuhi, pamoja na kituo cha kulelea kilichosajiliwa mchana, ni nafuu kuliko shule binafsi yenye huduma ya kutwa, ila tu mtu wa kumtoa huku na kumpeleka kule awe ni wa kuaminika. Bodaboda ya watoto wanne si jibu.

Vibarua wa vitunguu wa Mang'ola wana msimu. Wanahamia bondeni wakati wa kupanda na kuvuna, wanakaa vyumba vya kupanga, kisha wanaondoka. Kumlipia mtoto ada ya mwaka mahali watakapokaa miezi mitatu ni hasara tupu. Kwao kituo cha jamii kinacholipwa kwa wiki kina mantiki, na wenye mashamba ya umwagiliaji wangeweza kukigharimia kwa fedha ambayo hawataisikia. Mama asiye na mtoto mgongoni hupanda mistari mingi zaidi.

Mkulima wa Mbulumbulu au Endabash mwenye shule ya msingi karibu abaki hapohapo, na apiganie mwalimu wa pili. Akiwa na laki mbili za ziada kwa mwaka, zisiende kwenye sare ya tai. Azigawe: mchango wa msaidizi, uji wenye karanga, na vitabu vichache vya hadithi vya Kiswahili vya kusomewa jioni.

Na mwenye uwezo wa shule binafsi, ambaye ameketi darasani akahesabu watoto 25 au pungufu, aende, bila kuona haya. Aanze prii-yuniti kama nyumbani kuna mtu wa kumlea na kuzungumza naye hadi hapo, na miaka miwili ya ada itabaki mfukoni. Kabla ya kulipa aombe kwa maandishi mambo manne: jumla ya malipo yote ya mwaka, si ada peke yake; idadi ya mwisho ya watoto katika darasa hilo; jina na cheti cha mwalimu; na tarehe za awamu za malipo. Hili la mwisho hujadilika. Wilaya ya Karatu huuza mbaazi, kahawa na vitunguu kwa misimu yake, na mwenye shule anayejua wateja wake hukubali awamu kubwa ije baada ya mavuno badala ya Januari.